Kitufe cha Kumi na Mbili

Jumatano asubuhi, chai ikiwa bado mezani, programu ilijifunga tena. Zéphyrin Ngoy alikuwa ameinamia kompyuta, kidole chake kinene kilichozoea kamba za boti kikiwa juu ya kibodi, na dirisha lenye picha kumi na mbili likatoweka mbele ya macho yake bila mlio, kama mgeni aliyeondoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye kioo ikabaki picha ya maua ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeichagua.

"Imekufa tena," akasema Pierrette, mke wake.

"Mashine imechoka. Haina neno." Aliyesema hivyo ni Jean-Claude, mdogo wake Zéphyrin, aliyekuwa amefika kijijini Kabuta jana yake kutoka Mwansabombwe. "Yaya, nilikuwa nasema, Jumamosi nakuya na Canter. Kitanda, godoro, kiti yako, vyote tunapakia. Chumba iko tayari, mabati nilishapiga. Unanisikia?"

Yaya ndivyo alivyomwita kaka yake, na alisema kwa kupaza sauti. Ndivyo watu wote walivyosema na Zéphyrin tangu mwaka jana, ingawa masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Kilichokatwa kule Lusaka kilikuwa kikoromeo, kwa sababu ya uvimbe, na sasa alivuta pumzi kwa tundu la shingoni, chini ya kitambaa cheupe ambacho Pierrette alikibadilisha mara mbili kwa siku. Shingo yenyewe ilikauka baada ya matibabu. Haikugeuka kulia wala kushoto.

Zéphyrin akafungua mdomo. Midomo ikatembea, pumzi ikapita chini ya kitambaa, na hakuna kilichosikika isipokuwa mlio mdogo kama wa mtu anayepuliza vumbi juu ya kitabu.

"Anasema sawa," akasema Jean-Claude, akajimiminia chai nyingine.

Zéphyrin akainuka, akatoka taratibu, akashika njia ya kwenda ziwani. Kupitia mlangoni walimwona akisimama pale mitumbwi ilipovutwa mchangani, mikono nyuma. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja asubuhi ile, weupe wa maziwa yaliyochanganywa na maji, na mtu akisimama pale alionekana hana mahali alipokanyaga.

"Anaaga ziwa," akasema Pierrette kwa upole. "Kila siku anaenda kuliaga."

Stéphanie, binti yao, alivuta kiti. Alikuwa ameigeuza kompyuta kuelekea kwake na alikuwa anaiwasha upya.

Programu ile ilikuwa yake. Alisomea kompyuta miaka miwili Lubumbashi kabla familia haijavuka kuja upande wa Zambia, na sasa aliajiriwa kwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi sokoni Kashikishi. Aliiandika programu kwa miezi mitatu. Kwenye vitufe kumi na viwili vya juu vya kibodi alibandika vipande vya karatasi vyenye picha alizochora mwenyewe, kwa maana baba yake hakusoma zaidi ya jina lake: kidole gumba cha "ndiyo", kikombe, sahani, kitanda, ziwa, msalaba, na kadhalika. Ukibonyeza, sauti inatoka. Si sauti ya mashine. Ilikuwa sauti ya Zéphyrin mwenyewe, ile ile nzito iliyokuwa inaita abiria wa boti za Kilwa, ile ya Kongo ng'ambo ya ziwa, hadi watu wa sokoni wanaisikia.

Aliipata kwa shangazi yake, Reine, aliyebaki Kilwa ng'ambo. Karibu kila Jumapili kwa miaka mitatu Zéphyrin alikuwa anamtumia dada yake ujumbe wa sauti kwa simu, na Reine hakufuta hata mmoja. Jumbe mia moja arobaini na tatu. Stéphanie alizisikiliza zote, akakata neno hapa, neno pale, kama mtu anayechambua mchele. Siku ya kwanza Zéphyrin alipobonyeza kikombe na sauti yake ikasema "Munipe maji," Pierrette alitoka nje akiwa na mwiko mkononi, akakaa chini kwenye mchanga, akauacha mchuzi uungue motoni.

Lakini sasa ilikuwa inakufa. Wiki tatu hizi ilikuwa inakufa hovyo, na Jumatatu Stéphanie alitakiwa Mansa. Kuna ofisi huko iliyomkubali kazi, kazi ya kweli, ya kuandika programu, pamoja na chumba cha kulala. Ndiyo maana Jean-Claude alijitolea kumchukua kaka yake. Pierrette alikuwa anavuka Kilwa mara mbili kwa wiki na samaki. Nani angekaa na mgonjwa? Kila mtu alikuwa amekubali. Ilikuwa mipango mizuri.

*

Stéphanie alipanda nyuma ya gari la samaki hadi Kashikishi, kompyuta mapajani ndani ya kitenge. Alivaa visikilizi. Kwa wiki nyingi alikuwa anasafiri hivyo, na barabara yenyewe alikuwa haioni tena. Aliona sauti. Baba yake alikuwa anasema juu ya mvua ya mwezi wa tatu, juu ya mchungaji mpya, juu ya kuku aliyetagia ndani ya kofia yake, na kando ya njia ziwa lilikuwa linatokea na kupotea katikati ya nyumba, jeupe, likimfuata. Mara nyingine alisahau ni ujumbe wa zamani, akamjibu.

Njiani alirudia hesabu ya yote aliyokwisha kurekebisha. Kwanza programu ilikuwa haifunguki kabisa nyumbani, ingawa dukani ilifunguka; akagundua kwamba alikuwa ameiambia itafute sauti kwenye folda iliyoko kwenye kompyuta ya duka tu. Akarekebisha. Kisha ilikuwa inaganda: ukibonyeza kitufe, dirisha zima linakuwa jeupe mpaka neno liishe, kwa sababu alikuwa ameipa kazi zote ifanye kwa mkono mmoja. Akatenganisha, sauti ikapewa mkono wake na dirisha mkono wake. Ikapona. Halafu ndiyo ukaja ugonjwa huu wa kujifunga. Alibadilisha betri. Alifuta picha na michezo ili mashine ipate nafasi ya kupumua. Aliisakinisha upya mara mbili. Akiwa peke yake alibonyeza kikombe, sahani, kitanda mara mia, na haikufa hata mara moja.

"Kwa miye haikufe," alimwambia Mwaba, mwenye duka. "Inakufa kwa papa tu."

Mwaba alikuwa mama wa Kibemba wa miaka hamsini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na "ba" ya heshima ya Kibemba mbele ya kila jina, lakini kilimtosha.

"Awe, si hivyo, ba Stéphanie. Mashine haijui nani ni papa yako. Iweke hapa. Ikikufa, inaandika wapi makosa?"

"Haiandike. Niliiambia kama kuna kosa, ijifunge tu, kimya. Sikutaka papa aone maneno ya Kingereza nyekundu nyekundu, aogope."

"Inaandika. Ile sehemu ya kujifunga ulikopi kwa programu yangu ya kuchapa, si ndiyo? Yangu inaandika kwanza, njo inajifunga." Mwaba, aliyejifunza kwa Stéphanie kusema njo badala ya ndiyo au ndipo, akashika kipanya, akafungua folda, na nyingine ndani yake, na nyingine ndani ya ile, akitembea bila haraka kama mtu anayejua nyumba ya jirani gizani. "Hii hapa."

Faili lilikuwa na mistari arobaini na moja. Stéphanie alisogeza kiti. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa, na maneno yale yale yasiyobadilika: faili halipatikani, hapana, kitufe cha kumi na mbili.

Kitufe cha kumi na mbili kilikuwa cha mwisho upande wa kulia. Alikichora kiganja chekundu kilichoinuliwa. Alikibandika mapema kabisa, akitegemea kupata neno lake baadaye, lakini katika jumbe zote mia moja arobaini na tatu baba yake hakuwa amesema "hapana" hata mara moja. Alisema "haina shida", alisema "tutaona", alisema "Mungu iko". Stéphanie aliendelea na maneno mengine, na kiganja kikabaki.

"Lakini hapa kwako inafanya kazi," alisema, kana kwamba hilo lingeweza kumsaidia, akabonyeza kitufe hicho hicho kwenye kompyuta ya duka.

"Hapana," ikasema kompyuta, kwa sauti ya msichana. Alikuwa ameweka sauti yake mwenyewe kwa kujaribia. Hakuipeleka nyumbani. Aliona aibu, baba yake mzima aseme kwa sauti ya binti.

Mwaba alivua miwani. "Soma tarehe," akasema.

Akazisoma. Tarehe kumi na mbili, jioni, mara tatu: siku Jean-Claude alipokuja kueleza kuhusu chumba. Jumapili iliyofuata, saa sita mchana, mara sita ndani ya nusu saa: mchungaji alikuwa amepita kumpongeza mzee kwa kupata mahali pazuri pa kupumzikia. Siku Pierrette alipompa jirani yao Misozi vyungu vyake viwili, kwa kuwa angebaki kujipikia peke yake. Siku ile Stéphanie mwenyewe alipopokea barua ya Mansa yenye tarehe ya kuanza kazi, akaisoma kwa sauti mezani, akamshika baba yake mabega na kumwambia, "Papa, si unaona kila kitu kinapangika?" Mara nne. Na leo asubuhi, saa moja na dakika ishirini na moja.

Baba yake, ambaye hata kichwa hakuweza kukitikisa, alikuwa amelisema mara arobaini na moja, na kila mara yeye alifika haraka, akaizima mashine, akaiwasha.

Nje mtu alikuwa anapiga misumari, na kila pigo lilikuja limechelewa kidogo, kama linatoka chini ya maji. Stéphanie alikaa akitazama mistari ile. Kilichomuuma zaidi hakumwambia Mwaba wala mtu mwingine. Alikumbuka kwamba mara mbili au tatu aliona kidole cha baba yake kikiwa upande wa kulia wa kibodi, mwisho kabisa. Alikiona. Akaenda kubadilisha betri.

*

Alimtumia shangazi yake ujumbe: je, hana sauti nyingine, ya zamani, ambamo Papa anakataa kitu? Chochote. Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri, Reine akicheka na nyuma yake watoto wakilia.

"Kaka yangu kuniambia hapana? Mutoto, labda utafute kwa mutu mwingine. Miye hajanikataliaka hata sabuni."

Basi Alhamisi na Ijumaa, kati ya barua za wateja, Stéphanie aliliunda. Alitoa "ha" kwenye haleluya ya Pasaka ya mwaka wa kwanza. "Pa" aliipata katika ujumbe ambao Zéphyrin alikuwa na mafua, akisema "papa yetu". "Na" aliikata kutoka siku ya upepo, pale aliposema "na weye, Reine, lala muzuri". Alizipanga pamoja kwenye kioo, milima mitatu midogo ya sauti, akazisogeza, akapunguza mmoja, akainua mwingine. Neno lilitoka limechongoka. Lilisikika kama wanaume watatu waliosimama umbali tofauti ufukweni, mmoja akifurahi, mmoja akiumwa, mmoja akiondoka. Alilisafisha kadiri alivyoweza. Akalihifadhi kwenye folda ya sauti, akaangalia jina la faili herufi kwa herufi, mara mbili.

Hakubonyeza kulijaribu nyumbani. Aliiweka kompyuta mbele ya baba yake Ijumaa jioni na kumwambia tu, "Papa, kitufe cha mwisho kilikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Sasa kinasema."

Zéphyrin akakigusa kile kitufe bila kukibonyeza. Kisha akafunga kifuniko cha kompyuta, taratibu, na kuweka mkono juu yake.

*

Canter ilifika Jumamosi saa nne. Dereva, Kafula, alipiga honi mara mbili ingawa wote walikuwa uani, na majirani wakatoka kuaga. Godoro lilikuwa tayari nje, limekunjwa na kufungwa kwa kamba, doa lake la zamani likionekana na kila mtu. Pierrette alisimama mbele yake kulificha kwa kitenge. Zéphyrin alikuwa amevaa shati jeupe. Alikaa kwenye kiti chake, kompyuta magotini.

"Tupakie, jua linapanda," akasema Jean-Claude. Akainama, akapaza sauti. "Yaya! Tunaenda sasa! Uko tayari?"

Kidole kikaenda kulia, mwisho kabisa.

"Hapana."

Watu wote uani wakageuka. Ilikuwa sauti ya Zéphyrin, ile iliyokuwa inavuka maji, na haikuwa sauti yake. Iliyumba katikati kama mtumbwi unaopandwa na mtu mzito. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Nini?" akasema Jean-Claude.

"Hapana," ikasema kompyuta.

Uso wa Jean-Claude ulibadilika. Aliwatazama majirani, akamtazama Kafula aliyekuwa ameegemea mlango wa gari, kisha akamgeukia Stéphanie.

"Nani aliweka neno hii mule ndani?"

"Ni miye, papa mudogo."

"Ni weye. Basi ni weye unasema, hapana yeye. Wiki tatu nimejenga. Nimechukua mabati ya jiko yangu, bibi yangu anapika na mvua juu ya kichwa. Leo unaniweka mbele ya batu, unafanya kaka yangu anikatae na mashine!" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameupaka rangi ukuta wa chumba kile yeye mwenyewe, buluu, kwa sababu aliambiwa mgonjwa atakumbuka ziwa.

Stéphanie alikuwa ameogopa neno hilo tangu Jumatano, kwa maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Alipiga magoti kando ya kiti cha baba yake, akafungua faili la makosa, akaigeuza kompyuta.

"Usome, papa mudogo. Hii niliweka neno jana. Lakini angalia tarehe. Alikuwa analibonyeza mbele, kabla halijakuwa na sauti."

Jean-Claude alisoma akifuata kwa kidole, kwanza kwa hasira, kisha polepole. "Tarehe kumi na mbili... Siku ile nilikuya na kipimo ya chumba." Akaenda mstari mwingine. "Hii njo Jumapili ya mchungaji." Akaendelea. Alipofika Jumatano asubuhi, saa moja na dakika ishirini na moja, kidole kilisimama, na ilionekana wazi anasikia sauti yake mwenyewe ikisema: anasema sawa.

Alikaa chini, juu ya lile godoro lililofungwa.

"Yaya," akasema, na safari hii hakupaza sauti. "Ni miye unanikatala?"

"Hapana," ikasema kompyuta, haraka, na Zéphyrin akamshika mdogo wake mkono wa shati, akauvuta kama walivyokuwa wanavutana wakiwa watoto. Kisha akabonyeza ile picha ya ziwa, na sauti yake ya zamani, safi, bila mkwaruzo, ikasema, "Hapa njo kwetu."

Pierrette hakuwa amesogea. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona.

"Miaka makumi mbili na tisa," akasema, "nimeishi na mutu wa ndiyo. Nikisema tuhame, ndiyo. Nikisema tuuze boti, ndiyo." Akameza mate. "Zile ndiyo, Zéphyrin. Ngapi zilikuwa zako?"

Kwa swali hilo hakukuwa na kitufe. Zéphyrin aliziangalia picha zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, halafu akamwangalia mkewe, na macho yake yakajaa maji. Pierrette aliinama, akamrekebishia kitambaa cha shingoni ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

*

Kafula alilipwa nusu ya safari, akaondoka na gari tupu akinung'unika. Misozi akaleta ugali, watu wakala palepale uani, na huku wakila wakapanga upya. Pierrette angevuka Kilwa mara moja tu kwa wiki, na siku hiyo Misozi angekaa na mzee na kumsafishia tundu. Alikuwa amemtazama Pierrette akifanya hivyo mara nyingi, haogopi. Jean-Claude angekuja wiki ya mwisho ya kila mwezi. Chumba cha buluu angelala yeye mwenyewe, akasema, akitazama nyota, na mkewe arudishiwe mabati. Walicheka kidogo, bado wakiogopana.

Kazi ya Mansa haikutajwa. Stéphanie aliisubiri itajwe mpaka sahani zikaoshwa, na ziwa nyuma ya nyumba likawa limelala kabisa, bila mstari kati ya maji na hewa, na boti moja ikining'inia katikati kama imesahaulika huko juu. Mwishowe akaja mwenyewe kwenye kiti.

"Papa. Nisiende Mansa?"

Zéphyrin akainua kidole, akakishusha, akamkunjia uso. Stéphanie akaelewa. Swali liliulizwa vibaya. Ndiyo na hapana zote mbili zingeweza kumaanisha chochote.

"Nimekosea. Naanza tena," akasema. Kama angesema asiende, asingeenda, na hakujua angemsamehe lini. "Papa, niende Mansa?"

Kidole kikaenda kulia, juu ya kiganja chekundu, kikakaa hapo. Kisha kikarudi kushoto, kitufe baada ya kitufe, bila haraka, kikavuka msalaba, kikavuka ziwa, kikafika kwenye cha kwanza kabisa.

"Ndiyo."

Stéphanie akaweka paji la uso kwenye goti la baba yake. Jean-Claude akakohoa, akageukia kuku.

"Bonyeza tena," akasema Pierrette kutoka jikoni, mikono ikiwa na povu la sabuni, akija mbio. "Sikusikia vizuri. Bonyeza tena, nijue ni yako."

Zéphyrin akamtazama mkewe, akanyoosha kidole mpaka mwisho wa kibodi.

"Hapana," ikasema sauti yake yenye viraka, na mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kabla hawajatambua kwamba anacheka.